CHUNUSI SIO UCHAFU: ZINATOKA WAPI, NA CHAKULA KINASAIDIA KIASI GANI?

Leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunakutana nacho kila asubuhi kwenye kioo. Chunusi.

Watu wanalichukulia hili jambo kama utani, lakini waulize wenye nazo. Kuna mshkaji hataki kabisa kupigwa picha. Kuna dada anaenda kwenye usaili wa kazi huku anawaza uso wake kuliko maswali atakayoulizwa. Na kibaya zaidi, kuna wengi wanaokimbilia vikrimu vya mitaani bila kujua ndani yake kuna nini. Wanatafuta kuondoa chunusi za miezi sita, wanaishia na uso ulioharibika kwa miaka.

Mimi sio daktari, elimu yangu ni ya sekondari tu, kwa hiyo sitampa mtu dawa hapa. Ila utafiti juu ya chunusi upo mwingi, na ukiuelewa huwezi kuibiwa hela yako kirahisi. Twende taratibu.

NDANI YA NGOZI KUNATOKEA NINI?

Kila unywele mdogo usoni umetoka kwenye kitundu chake. Pembeni ya hicho kitundu kuna tezi ndogo inayotengeneza mafuta. Mafuta hayo sio adui, yanalainisha ngozi na kuilinda isikauke. Tezi hizi zipo kwa wingi usoni, kifuani na mgongoni, ndo maana chunusi hupenda kukaa sehemu hizo na huzikuti kwenye kiganja cha mkono.

Sasa ukifika umri wa kubalehe, mwili unaongeza homoni zinazoitwa androjeni. Wavulana wanazo nyingi, wasichana pia wanazo. Homoni hizi zinaziambia zile tezi zikue na ziongeze mafuta. Hapo ndo shughuli inapoanza, na inakwenda kwa hatua nne:

1. Mafuta yanakuwa mengi kuliko kawaida.

2. Seli zilizokufa kwenye mdomo wa kile kitundu hazibanduki vizuri, zinagandana na mafuta na kuziba njia.

3. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu (ndiyo, hata ya mwenye uso laini) wanashamiri ndani ya kile kitundu kilichoziba.

4. Kinga ya mwili inashtuka na kuanza kupambana. Matokeo yake ni wekundu, uvimbe, maumivu na usaha.

Kitu cha kukumbuka ni kwamba safari hiyo huanza kimya kimya, wiki kadhaa kabla chunusi haijaonekana. Kwa hiyo ukiamka Jumatatu na chunusi, usilaumu chipsi za Jumapili. Hiyo chunusi ilishaanza kutengenezwa siku nyingi.

Nani anazipata? Karibu watu 85 kati ya 100 wenye umri wa miaka 12 hadi 24 hupata chunusi kwa kiwango fulani. Urithi nao una nafasi kubwa. Kama baba au mama alikuwa nazo nyingi, na wewe uwezekano wako ni mkubwa. Wanawake wengi zinawaongezeka siku chache kabla ya hedhi kwa sababu homoni zinabadilika. Na wapo watu wazima wa miaka 30 na kuendelea bado wanazo, hasa akina dada, kwa hiyo sio lazima ziishe siku unapomaliza shule.

UONGO WA MTAANI

Kabla hatujafika kwenye chakula, tufagie kwanza haya maneno.

“Chunusi ni uchafu, haogi huyo.” Sio kweli. Tatizo liko chini ndani ya kitundu, sio juu ya ngozi. Hata vile vidoa vyeusi puani sio vumbi la barabarani, ni mafuta na seli zilizokutana na hewa, pamoja na rangi asili ya ngozi, zikawa nyeusi. Ukijisugua na dodoki mara tano kwa siku unaichubua ngozi na kuzidisha uvimbe. Kunawa mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali kunatosha kabisa.

“Ni damu chafu.” Damu yako inasafishwa na figo na ini masaa 24. Hakuna dawa ya chupa inayoosha damu ili chunusi zitoke, hata muuzaji apaze sauti kiasi gani kwenye spika yake stendi.

“Zitaisha ukianza mapenzi.” Hii imewaponza wengi jamani! Chunusi zinatokana na homoni za kukua. Kufanya mapenzi hakuziondoi na kutofanya hakuzileti. Anayekwambia hivyo ana lake analolitafuta.

“Paka dawa ya meno, paka limao.” Dawa ya meno imetengenezwa kwa ajili ya meno, kwenye ngozi inaunguza. Limao ni asidi, na ukipaka halafu ukapigwa na jua la saa saba mchana unaweza kuungua na kubaki na doa baya kuliko ile chunusi yenyewe.

HAYA, NA CHAKULA JE?

Hapa ndo pana ubishi mkubwa, na hata madaktari wenyewe walibishana miaka mingi.

Mwaka 1969 watafiti wa Marekani waliwapa watu 65 chokoleti, halafu kwa kipindi kingine wakawapa kipande kinachofanana na chokoleti lakini hakina kakao. Hawakuona tofauti kwenye chunusi. Kuanzia hapo madaktari wengi wakawa wanawaambia wagonjwa: kula chochote, chakula hakihusiani. Lakini baadaye watu wakagundua kasoro. Kile kipande cha pili kilikuwa na sukari na mafuta karibu sawa na chokoleti! Sasa hapo unalinganisha nini na nini?

Mwaka 2002 ikatoka ripoti iliyowashtua wengi. Watafiti waliangalia watu 1,200 wa kisiwa cha Kitava, huko Papua New Guinea, wakiwemo vijana 300 wa miaka 15 hadi 25. Hawakukuta hata mmoja mwenye chunusi. Wakaangalia pia jamii ya wawindaji ya Aché huko Paraguay, watu 115 kwa siku 843, nako hawakukuta. Watu wa Kitava walikuwa wanakula viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, matunda, samaki na nazi. Yaani chakula ambacho mtu wa Tanga au Pemba anakijua vizuri tu! Sukari ya dukani, mkate mweupe na soda vilikuwa karibu havipo kwenye milo yao.

Je, hiyo inathibitisha kwamba ni chakula? Hapana, sio peke yake. Labda ni urithi wa damu yao, labda ni maisha yao kwa ujumla. Ndo maana ikabidi watu wafanye jaribio lenyewe.

Jaribio moja linalotajwa sana lilifanyika Melbourne, Australia, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2007. Walichukua wanaume vijana 43 wenye chunusi, wa miaka 15 hadi 25, wakawagawa makundi mawili kwa wiki 12. Kundi la kwanza lilikula vyakula visivyopandisha sukari ya damu haraka, pamoja na protini ya kutosha. Kundi la pili liliendelea na vyakula vya wanga vya kawaida. Mwisho wa jaribio, kundi la kwanza lilikuwa limepunguza vipele kama 23 kwa wastani, la pili kama 12. Tofauti ipo. Ila tusiwe waongo, kundi la kwanza lilipungua na uzito pia, kwa hiyo huwezi kujua kwa uhakika ni chakula au ni uzito ndio uliosaidia.

Maziwa nayo yamechunguzwa. Mwaka 2005 ilitoka ripoti ya wauguzi wanawake 47,355 wa Marekani walioulizwa walikuwa wanakula nini enzi za sekondari. Waliosema walikunywa maziwa mengi, ndio zaidi waliokuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana chunusi kali. Cha kushangaza, maziwa yaliyotolewa mafuta ndo yalionekana kuhusika zaidi, kwa hiyo sio suala la mafuta ya maziwa. Lakini na hapa kuwa makini. Kumkumbusha mtu mzima alichokunywa akiwa na miaka 15 sio kipimo cha uhakika.

Msimamo wa sasa ukoje? Mwongozo wa chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani wa mwaka 2024 unasema ushahidi wa chakula bado hautoshi kuufanya uwe tiba ya kumwandikia kila mgonjwa. Kwa hiyo mtu akikwambia “kula hiki chunusi ziishe ndani ya siku saba”, anakudanganya. Na akikwambia chakula hakihusiani hata kidogo, naye amebaki mwaka 1969.

SUKARI INAFIKAJE USONI?

Ukinywa soda au ukila mkate mweupe na chai yenye vijiko vinne, sukari kwenye damu inapanda haraka. Kongosho linatoa homoni ya insulini ili kuishusha. Insulini nyingi inaamsha homoni nyingine ya ukuaji, inaitwa kwa kifupi IGF-1. Hizi mbili kwa pamoja zinachochea tezi zitoe mafuta zaidi, zinaongeza nguvu za zile androjeni, na zinafanya seli za kwenye kitundu zizaliane haraka. Ukirudi juu kwenye zile hatua nne, utaona zimegusa hatua ya 1 na ya 2 moja kwa moja. Maziwa nayo yanaamsha insulini na IGF-1, ndo maana yanashukiwa. Na wale washkaji wa jimu wanaokunywa unga wa protini, wengi wa unga huo umetengenezwa kwa maji ya maziwa. Kama chunusi zilikuja baada ya kuanza kuutumia, una sababu ya kuuacha kwa muda uone.

Kwa hiyo mafuta ya chipsi hayatembei kutoka tumboni yakatokea shavuni. Haiko hivyo. Na karanga na parachichi, ambazo kila bibi mtaani anazilaumu, hazina ushahidi wa maana dhidi yake. Tena karanga hazipandishi sukari haraka, ni afadhali mara kumi kuliko biskuti.

SAHANI YA BONGO

Sasa tuongee lugha ya mfukoni. Huhitaji vyakula vya supamaketi. Vingi vipo gengeni, na baadhi ya mabadiliko yanakupunguzia matumizi:

- Soda. Anza hapa. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35 hadi 40, yaani karibu vijiko vidogo tisa. Na juisi za boksi usizione malaika. Kunywa maji. Maji hayaoshi chunusi, ila yanachukua nafasi ya soda, na hiyo ndo faida yake.

- Chai. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Badala ya maandazi matatu kila asubuhi, jaribu kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, na yai kama lipo.

- Ugali na wali. Usiviache, kwanza utashiba nini? Ila dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe. Na usile mlima wa ugali na kijiko cha mboga. Geuza: ugali wa wastani, maharage, kunde au choroko nyingi. Wanga ukiingia pamoja na kunde na mboga unafyonzwa polepole.

- Mboga za majani. Mchicha, matembele, kisamvu, mlenda. Fungu la mchicha bado ni chakula cha mtu wa kipato chochote.

- Dagaa na samaki. Wana protini, wana madini ya zinki, wana mafuta mazuri ya omega-3. Zinki mwilini inahusika na kupona kwa ngozi.

- Matunda. Kula papai, chungwa, embe lenyewe badala ya juisi iliyokamuliwa na kuongezwa sukari.

- Maziwa. Kama unakunywa kila siku na chunusi ni nyingi, pumzika miezi miwili mitatu uangalie. Usipoona tofauti, rudi kwenye maziwa yako, yana faida zake. Kwa mtoto au mama mjamzito usikate vyakula ovyo.

Fanya hivyo kwa wiki 8 hadi 12 kabla hujatoa hukumu. Kumbuka zile chunusi zinazotengenezwa kimya kimya chini ya ngozi. Kwa wengine mabadiliko yataonekana, kwa wengine hayatatosha. Lakini hata usoni pasipobadilika, umepunguza hatari ya kisukari na kutoboka meno, hujapoteza kitu.

HAPA NDO PENYE HATARI

Tatizo kubwa ninaloliona mtaani ni mkorogo na vikrimu vya “kutoa chunusi na kung'arisha” vinavyouzwa bila maelezo. Vingi vina steroidi kali. Majina ya kuogopa ni klobetasoli (kwenye boksi utaiona inaanza na herufi C) na betamethasoni. Hizi ni dawa halali za hospitali kwa magonjwa fulani ya ngozi, ila sio za chunusi wala sio za kupaka usoni kila siku.

Zinadanganya vipi? Steroidi inazima uvimbe haraka. Siku ya tatu uso umetulia, unang'aa, unamsifia muuzaji. Miezi ikipita ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, nywele zinaota mashavuni, na chunusi mpya zinaletwa na dawa yenyewe. Ukiacha, uso unawaka moto na vipele vinafumuka, kwa hiyo unarudi kununua tena. Huo ni mtego, na hela yako ndo chambo.

Vingine vina haidrokwinoni, au zebaki ambayo inaingia mwilini na kuharibu figo. Nchi nyingi zimeshapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana vyote viondolewe ifikapo 2025. Lakini mkataba hausimami pale sokoni kukushika mkono. Kama boksi halina orodha ya viambato, au krimu imechotwa kwenye ndoo na kutiwa kwenye kikopo, iache hapo hapo.

NINI KINAFANYA KAZI KWELI?

Kwa chunusi za kawaida, dawa zenye ushahidi mkubwa ni benzoili peroksaidi na zile za jamii ya retinoidi kama adapalini. Muulize mfamasia kwenye duka la dawa lililosajiliwa. Benzoili peroksaidi ya nguvu ndogo, asilimia 2.5 au 5, inatosha kuanzia, na angalia taulo na shati lako maana inafifisha rangi ya nguo. Usitegemee maajabu ndani ya wiki, nazo zinataka wiki 8 hadi 12. Mjamzito asitumie retinoidi. Na vidonge vya isotretinoini visiguswe bila daktari, vinaweza kumlemaza mtoto tumboni.

Usizibinye! Kwa ngozi zetu nyeusi, kila chunusi iliyochokonolewa inaweza kuacha doa jeusi linalokaa miezi. Wengi wanaodhani bado wana chunusi, wana madoa ya kujibinya. Na kama unapaka mafuta mazito ya nywele, yasitiririke kwenye paji la uso, yanaziba vitundu.

Ukiona vinundu vikubwa vyenye maumivu, makovu yanaanza, au binti ana chunusi nyingi pamoja na hedhi isiyoeleweka na ndevu kidevuni, nenda hospitali. Tanzania tuna wataalamu wa ngozi. Pale KCMC Moshi kuna kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika.

KWA UFUPI

Chunusi ni homoni, mafuta, kitundu kilichoziba na bakteria. Sio uchafu, sio laana, sio ushamba. Chakula hakizileti peke yake na hakiziondoi peke yake, ila sukari nyingi inazichochea kwa baadhi yetu, na kupunguza soda ni dawa rahisi kuliko krimu yoyote ya sokoni. Ukitaka kutumia hela, itumie kwa mfamasia au daktari.

Na ukimwona mwenzako uso umechafuka, usimtanie mbele za watu. Watu wanaotaniwa ndo wateja wakubwa wa wale wauza ndoo.

Tuko pamoja wadau. Mwambie na mwenzio aliyekaa kompyuta ya pembeni asome!